Orodha ya kazi au ofisi nzima kwenye simu?



Juzi natoka Kiberege na bodaboda, simu ikaita. Kijana mmoja wa hapa Kisawasawa, analima ekari nne za mpunga na ana ndizi kidogo pembeni. "Shikamoo bwana shamba. Nipakue apu gani ya kusimamia shamba?" Nikajua huyu ametoka kuangalia video. Na kweli, alikuwa ameona mkulima wa huko Ulaya, ana kompyuta mezani, kila shamba lina ukurasa wake na kila trekta lina rangi yake. Akaona na yeye akipata kitu kama kile atakuwa mkulima wa kibiashara kweli kweli.

Nilimjibu harakaharaka kwa sababu ya upepo wa pikipiki. Lakini swali hili nimeshaulizwa na wengi, kwa hiyo leo nalijibu nikiwa nimekaa.

Programu hizi ziko makundi mawili. Kuna orodha ya kazi tupu: unaandika kazi, unaweka siku na saa, simu inalia, unafanya, unaweka tiki. Microsoft To Do, Google Tasks na Todoist ziko kundi hili. Halafu kuna zile mimi naziita ofisi nzima, mfano Notion. Humo orodha ya kazi ipo, majedwali yapo, kalenda, bajeti, picha, majina ya vibarua, vyote mle mle. Ila ofisi hiyo unaijenga mwenyewe kabla hujaanza kuitumia. Msimamo wangu nausema mapema ili mwenye haraka aishie hapa: kama una ekari mbili mpaka kumi, unategemea vibarua na una simu moja, chukua orodha tupu. Hesabu za pesa weka kwenye kauntabuku. Ofisi iache kwanza.

Najua mtasema bwana shamba mzee, anaogopa teknolojia. Hapana. Mimi hiyo ofisi niliijenga, na ilinigharimu msimu.

Nilikuwa nimekodi ekari moja na nusu, nikaamua kulima kwa kilimo shadidi, ule utaratibu ambao wenzetu wa skimu ya Mkula wanaujua vizuri. Kwa asiyeujua: mche unahamishwa kutoka kitaluni ukiwa mchanga kabisa, siku 8 mpaka 12, unapandwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na maji unayaingiza na kuyatoa badala ya kuacha shamba limefurika muda wote. Siri yote iko kwenye huo umri. Mche mdogo ukihamishwa bila kuumizwa mizizi unachipua machipukizi mengi, ndiyo maana unaweza kuupanda peke yake na kwa nafasi pana. Ukivuka siku kama 15 uwezo huo unaanza kupungua. Hapo huwezi kurudisha siku nyuma, hata uongeze mbolea kiasi gani.

Basi nikapakua programu moja ya ofisi nzima. Usiku wa kwanza nikatengeneza ukurasa wa bajeti. Usiku wa pili jedwali la vibarua, nani anachukua kiasi gani kwa siku, namba zao za kutumia pesa. Usiku wa tatu kalenda ya zao, nikaipaka kijani kitalu, njano palizi, nyekundu mbolea. Aisee, ilipendeza. Nilimwonyesha kila mtu ofisini. Mama watoto akaniuliza kama hiyo kijani ndiyo mpunga wenyewe.

Nikasia kitalu. Siku tatu baadaye nikaitwa kwenye mafunzo nje ya wilaya, siku nikazidishiwa. Tarehe ya kupandikiza ilikuwa imeandikwa, tena kwa usahihi, kwenye jedwali la ukurasa wa tatu. Nilichokuwa sijaweka ni kengele. Ili uione hiyo tarehe ulitakiwa ufungue programu, uwe na bando, uingie ukurasa wa shamba, ushuke mpaka kwenye kalenda. Na mimi sikufungua, kwa sababu moyoni nilijua kila kitu kipo kwenye mpangilio. Vibarua wangu nao walikuwa nyumbani wananisubiri mimi niwaite. Walifanya sawa kabisa, hakuna aliyewaambia kitu.

Nimerudi, miche ina siku 19. Nikaipanda mmoja mmoja kwa nafasi ileile pana, kama vile ni miche ya siku kumi. Machipukizi yakawa ya kuhesabu, nafasi iliyobaki wazi ikachukuliwa na magugu, na palizi niliyopanga mara tatu nikalipia mara tano. Wakati wa kuvuna jirani yangu, ambaye simu yake ni kitochi, alikuwa anaunga magunia kwa kamba wakati mimi nimeshamaliza kupakia.

Sasa hapo siilaumu programu. Kosa ni langu. Lakini nilijifunza kitu ambacho ndicho nataka mkisikie: ofisi nzima inakupa hisia ya kufanya kazi wakati hujafanya. Zile siku tatu nilikuwa nalima simu. Orodha tupu haina uongo huo, kwa sababu hakuna cha kupamba. Ina mistari na kengele basi.

Na ukiangalia vizuri, kazi za shamba zenye siku yake maalumu ni chache mno. Chukua mpunga wa SARO 5, ambao unakomaa kwa siku kama 120. Hesabu na mimi: kuloweka na kuvundika mbegu, kusia, kuandaa jaruba, kupandikiza, palizi ya kwanza siku kama 10 baada ya kupandikiza, palizi ya pili na ya tatu kila baada ya siku kumi nyingine, urea ya kwanza, urea ya pili, kuanza kuwinga ndege, kutoa maji wiki mbili hivi kabla ya kuvuna, kutafuta wavunaji, kutafuta turubai za kuanikia. Haifiki hata mistari kumi na tano. Kitu cha mistari kumi na tano hakihitaji ofisi. Kinahitaji kulia saa kumi na mbili asubuhi.

Tena usiweke kengele moja kwa kila kazi, weka mbili. Ya kwanza ilie siku tatu kabla, ya kutafuta watu na pesa. Ya pili ilie siku yenyewe. Wengi mnachelewa kupandikiza, na siyo kwamba mmesahau. Mnakumbuka asubuhi ileile wakati vibarua wote wameshachukuliwa na mtu mwingine. Msimu ukishika kasi hapa bondeni kila mtu anataka watu walewale.

Jambo lingine ambalo wale wa kwenye video hawana ni hili: anayefanya kazi siyo mwenye programu. Wewe una simu janja, umekaa Ifakara mjini au Dar, shambani yupo mdogo wako au msimamizi mwenye kitochi. Hata ujenge ofisi ya ghorofa tatu, yeye haioni. Kwa hiyo kabla hujachagua programu jiulize kazi itamfikiaje yule aliyeshika jembe. Namjua dada mmoja analima mpunga na mahindi huku ana biashara yake mjini. Kila Jumapili jioni anafungua orodha yake, anaangalia kazi za wiki, anaandika meseji ya kawaida ya mistari mitatu, anamtumia kaka yake. Kaka anajibu "tayari" kila ikiisha kazi moja. Huo ndio mfumo wao wote, na sijawahi kukuta shamba lao limechelewa palizi. Kwa vibarua wasiopenda kusoma, piga simu, au tuma sauti kama wana WhatsApp. Programu ni ya kukukumbusha wewe, na kuwakumbusha wao inabaki kazi yako.

Halafu kuna mtandao na chaji. Hapa barabarani Kisawasawa mtandao upo, lakini shuka mabondeni utaona mwenyewe. Orodha nyingi tupu zinakaa kwenye simu, zinafunguka na kulia bila bando, zikipata intaneti ndipo zinajilinganisha na akaunti yako. Ofisi nzima nyingi zimejengwa kwa mtu ambaye intaneti kwake ni kama hewa. Notion, kwa mfano, ilikuja kuruhusu kutumia kurasa bila intaneti mwaka 2025 tu, na bado inabidi ukurasa uwe umeshapakuliwa kwenye simu kabla hujatoka kwenye mtandao. Chaji ndiyo usiseme. Bwawa la umeme la Kidatu liko hapo juu tu kwetu, na bado mtu anashinda shambani simu imezima. Ndiyo maana nasema kazi za wiki ziandike na kwenye karatasi, ibandike stoo.

Nisiwe mkali sana. Kuna watu ambao ofisi nzima inawafaa na nimewaona. Kuna kikundi kinakodisha pawatila na trekta, wako wanne, kila mmoja anapokea oda kwa simu yake. Kwao orodha tupu ilileta ugomvi, mmoja anaahidi Jumanne na mwenzake ameshaiahidi Jumanne ileile kwa mtu wa Mang'ula. Walipoweka kalenda moja ambayo wote wanaifungua, pamoja na jedwali la nani analipwa na nani anadaiwa, mambo yakatulia. Vilevile mkulima wa nje wa miwa mwenye vipande vitano sita, kimoja kimepandwa mwaka huu, kingine ni marudio ya pili, kingine ya tatu, na kila kimoja kina mbolea yake na makato yake kwenye AMCOS. Huyo akiniambia anataka majedwali nitamsaidia kuyatengeneza. Lakini hata hao, kilichowafanya wahitaji ofisi ni wingi wa watu na vipande. Uzuri wa programu haukuwamo kwenye sababu. Kipimo changu ni chepesi: kama hakuna mtu wa pili atakayeifungua kila wiki, huna ofisi, una albamu.

Swali linalofuata huwa ni kumbukumbu za pesa. "Bwana shamba, si ulisema benki inataka rekodi?" Nilisema, na narudia. Ukienda kuomba mkopo bila kuonyesha uliingiza nini na ulitoa nini, utaongea sana. Ila rekodi na orodha ya kazi ni vitu viwili, na kuvichanganya ndiko kunakofanya vijana waone lazima wapate kitu kimoja chenye kila kitu. Kauntabuku inatosha kabisa: upande wa kushoto pesa iliyoingia, kulia iliyotoka, tarehe, na nani kapokea. Mwisho wa mwezi piga picha kurasa zako, jitumie kwenye barua pepe. Ukurasa wa kwanza andika namba yako ya usajili wa mbolea ya ruzuku. Tangu ruzuku ianze msimu wa 2022/2023 sijawahi kumaliza msimu bila kukutana na mtu yuko dukani anatafuta meseji aliyoifuta mwenyewe.

Kuna sababu nyingine ya kutoweka maisha yote ya shamba kwenye programu moja. Programu zinakufa na zinabadilika. Wunderlist ilikuwa orodha ya kazi iliyopendwa sana duniani; Microsoft wakainunua 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Waliokuwa na orodha tu walizihamishia Microsoft To Do wakaendelea. Evernote nayo ilikuwa bure kwa kuandika utakacho, kisha mwishoni mwa 2023 ikawawekea watumiaji wa bure kikomo cha kurasa 50. Orodha ya msimu mmoja ukiipoteza unaiandika upya kwa nusu saa. Rekodi za miaka minne za kila ekari huwezi.

Ukiniuliza ipi hasa kati ya hizo tupu, sina ugomvi. Mimi natumia Microsoft To Do kwa sababu ni ya bure na inalia hata nikiwa sina bando. Wewe ukipenda Google Tasks sawa tu. Mwenye kitochi atumie kengele na kalenda iliyomo ndani ya simu yake, watu wengi hata hawajui kama ipo. Jambo la kwanza ukishaipakua ni kuingia kwenye mipangilio uhakikishe simu haiizimi ili kubana chaji, maana simu zetu hizi za bei nafuu zina tabia hiyo, kengele inapita kimya.

Yule kijana nilimwambia afanye kitu kimoja: akae na kalenda, aanze na siku anayotaka kuvuna, arudi nyuma kwa kuhesabu mpaka siku ya kuloweka mbegu, aandike mistari yake, kila mmoja kengele mbili. Jana kanipigia, amepata mistari kumi na tatu na ya kwanza ni Alhamisi wiki ijayo. Ile programu ya kwenye video bado iko kwenye simu yake, anasema ataipamba wakati mpunga uko tumboni, maana hapo kazi inapungua. Nimemwambia hapo ndipo ndege wanapokaribia kuanza, lakini sikumlazimisha aifute.

Mimi mwenyewe nasia kitalu Jumamosi. Kengele ya siku ya nane nimeshaiweka, na namba ya mama watoto nimeiandika pembeni yake, ili nikiitwa mafunzo tena yeye ndiye awaite vibarua.