Pilau ya Sikukuu Si ya Mbwa

Kila Desemba, Waswahili wa Stockholm tukikutana kwa chai ya tangawizi, husikika maneno yaleyale kuhusu mbwa na paka. Mengi tumeyabeba kutoka nyumbani, ambako mbwa hulala uani na paka huishi kwa panya na utumbo wa samaki. Hapa mnyama anaishi nasi ndani, ghorofa ya tano, na maneno yale hayamfai. Tuyapitie moja moja.

"Mungu kampa manyoya, baridi haimdhuru." Ni kweli kwa mbwa wa kaskazini wenye manyoya mazito. Mbwa mdogo mwenye manyoya mafupi hutetemeka na kuinua miguu baada ya dakika chache tu. Tena baridi si adui wa pekee. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huchubua nyayo, naye akizilamba humkera tumbo. Mkirudi, mwoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu na umkaushe. Kumbuka pia kwamba mwezi huu jua huzama kabla ya saa tisa alasiri: mvalishe kitu cha kuakisi mwanga, dereva amwone.

"Makombo ya sikukuu ni haki ya mbwa." Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko barafu. Pilau yetu imejaa vitunguu, na kitunguu, kibichi au cha kupikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa na paka. Mikate ya zafarani ya sikukuu ya Lucia, tarehe 13 Desemba, hupambwa kwa zabibu kavu, nazo zinaweza kuua figo za mbwa. Chokoleti ina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Peremende zisizo na sukari mara nyingi huwa na zailitoli, inayoitwa hapa pia björksocker, nayo hushusha sukari ya damu ghafla. Mfupa uliopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Ukitaka kumkirimu, mpe chakula chake mwenyewe, kwa kiasi chake.

"Paka anajitegemea, tukisafiri siku nne, sahani ikijaa yatosha." Kanuni za Sweden zinasema paka aangaliwe angalau mara mbili kwa siku, na mbwa atolewe nje angalau kila baada ya saa sita wakati wa mchana. Mwombe jirani, mwachie ufunguo. Kabla ya kuondoka, toa nyuzi za kung'aa kwenye mti wa Krismasi: paka akizimeza, zinaweza kumkunja utumbo hadi apasuliwe. Na ua la yungiyungi lisiingie kabisa nyumbani mwenye paka. Hata chavua yake huharibu figo.

"Fataki ni kelele za usiku mmoja, atazoea." Wengi hawazoei, hofu huongezeka mwaka hadi mwaka. Tangu Juni 2019 roketi zenye kijiti zinahitaji kibali, lakini fataki za makasha bado zinauzwa kwa wenye miaka 18. Kwa hiyo tarehe 31 mtembeze mapema, kukiwa bado na mwanga, tena kwa kamba. Jioni funga madirisha, shusha mapazia, washa redio, kaa naye. Usimpe pombe wala vidonge vyako: parasetamoli, inayouzwa hapa kwa jina la Alvedon, inaweza kumuua paka. Dawa ya hofu ipo, lakini ni ya daktari wa mifugo, na huombwa mapema. Hakikisha pia namba yako ya simu kwenye rejista ya Jordbruksverket, mamlaka ya kilimo, ni ya sasa. Mbwa lazima asajiliwe, na tangu 2023 paka naye. Chipu ya utambulisho haimrudishi aliyekimbia ikiwa rejista ina namba yako ya zamani.

"Mtoto apewe mbwa, ndiyo zawadi." Zawadi ya kuchezea huwekwa kabatini Januari; mbwa hutembezwa gizani Januari, Februari na miaka kumi na zaidi baadaye. Mtoto wa mbwa hatenganishwi na mamaye kabla ya wiki 8, wa paka kabla ya wiki 12. Kama nyumba nzima haijakubaliana, nunueni kitabu.

Mkesha wa Krismasi, tarehe 24, kliniki nyingi za kawaida hufungwa. Tafuta leo namba ya hospitali ya wanyama inayopokea dharura usiku, uibandike kwenye friji.