Usilipe Mara Mbili kwa Diski Moja

Mwanafunzi wa Malimbe anayemalizia utafiti wake, mwenye duka la nyavu pale Kirumba, mwalimu aliyepanda meli kutoka Nansio: wakishabadilishiwa diski ya kompyuta mpakato hapa Mwanza, na mashine ikaanza kusumbua, wote huambiwa maneno yaleyale. Mengi si kweli, na kila moja lina gharama yake.

La kwanza ndilo linaloumiza zaidi: "Diski imebadilishwa, kwa hiyo leseni ya Windows imekufa." Haijafa. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zinazouzwa pamoja na Windows yake huwa na namba ya leseni kwenye chipu ya BIOS, iliyo kwenye bodi. Windows 10 na 11 nazo huitambua mashine hasa kwa bodi yake. Diski ikitoka, leseni inabaki palepale.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki: mashine ilikuja na Windows Home, fundi akapiga Windows Pro kwa kuwa ndiyo aliyoizoea. Namba ya Home haifungui Pro, na maandishi ya kudai leseni yanajitokeza kwenye kona ya kioo. Dawa ni kupiga toleo lilelile lililokuja na mashine, kisha kuunganisha intaneti ijithibitishe yenyewe. Badala yake mteja huwekewa programu ya kuvunja leseni, na ili ikubali kufanya kazi, kinga ya virusi huzimwa kwanza. Hili linanikasirisha. Virusi vya STOP/Djvu, vinavyofunga mafaili ya mtu na kudai pesa, vimesambaa duniani kwa njia ya programu za namna hiyo. Mtu apoteze utafiti wake wote kwa sababu toleo la Windows halikuangaliwa?

"Mashine haioni diski, bodi imekufa." Kabla ya kukubali, mwombe fundi afungue ukurasa wa mipangilio ya BIOS mbele yako. Jina la diski mpya likionekana humo, bodi inaisoma, na tatizo likatafutwe kwenye mipangilio. Kompyuta nyingi za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea huwa na mpangilio uitwao VMD. Ukiwa umewashwa, orodha ya diski hubaki tupu wakati wa kupiga Windows hadi uweke draiva ya Intel RST kwenye flashi. Windows iliyopigwa kwa mtindo wa zamani wa Legacy kwenye mashine iliyowekwa UEFI huishia kwenye maneno "No bootable device". Na ikiwa diski ya zamani ilinakiliwa nzima kwenda kwenye mpya, kisha mpangilio wa diski kwenye BIOS ukahama kutoka RAID kwenda AHCI, kioo hugeuka bluu na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Rudisha mpangilio ulivyokuwa, itawaka.

Jina lisipoonekana kabisa, bado bodi haijahukumiwa. Huenda diski haikukaa vizuri, au ni ya NVMe na tundu linasoma SATA pekee, ingawa inaingia bila shida.

"Umeuziwa diski pungufu, GB 500 imekuwa 465." Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, Windows huhesabu baiti 1,073,741,824. Ni diski ileile.

"Wi-Fi imeungua." Mara nyingi draiva tu haipo. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kugawana intaneti, Windows iipakue yenyewe. Dakika chache zinatosha, na kadi mpya hainunuliwi.

"Mtandao wa hapa mbovu, tovuti zote zinakataa." Tazama saa na tarehe kwanza. Fundi akifungua mashine huchomoa betri kubwa, na ile ndogo ya kwenye bodi ikiwa imechoka, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa. Hapo vyeti vya usalama vya tovuti huonekana kama havijaanza kutumika, na kivinjari hugoma. Rekebisha tarehe. Ikirudi tena nyuma, badilisha betri hiyo ndogo.

Mwisho, "diski ya zamani iache tu, haina kazi." Idai. Hata kama ilikuwa nzito kuwaka, mafaili yako yanaweza kuwamo, na mtu mwingine anaweza kuyasoma. Ila ukiichomeka kwenye kasha la USB ikakudai namba yenye tarakimu 48, usikubali kuambiwa imeharibika: imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili. Ufunguo wake mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine hiyo. Mwalimu wa Nansio autafute na kuuandika kabla skrubu ya kwanza haijafunguliwa, maana akishavuka ziwa kurudi nyumbani, kumpata fundi tena ni safari nyingine.