Kushinda Kesi, Kupata Khasara

Ndugu zangu wanachama,

Nakuandikieni kutoka Kasulu, nyanda za juu za Kigoma, nilikofungua duka mimi mwana wa visiwani. Khabari zanifikia kwamba wengi wetu tukikhitilafiana kwa deni au mpaka wa shamba, neno la kwanza ni "Tutakutana mahakamani". Sisemi watu wasende. Nasema wahesabu kwanza, kwani mimi nilichelewa kuhesabu.

Nilimkopesha mteja mabati na saruji ya shilingi 600,000. Hati sikumwandikisha, nilimstahi. Akahamia wilaya ya jirani, nami nikamfuata huko kwa madai. Nilifunga duka siku nane, nikalipa nauli na chakula cha mashahidi wawili. Nikashinda. Kumbe hukumu si fedha: aliyeshindwa Mahakama ya Mwanzo ana siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya, na asipolipa kwa khiari, mshindi hurudi kuomba hukumu ikaziwe. Nilipopokea fungu la mwisho nilikwisha tumia 700,000, na stakabadhi za kudai gharama zangu sikuziweka.

Ndivyo alivyo mshindi, je, aliyeshindwa? Yeye kwa kawaida huamriwa kulipa na gharama za mwenziwe. Tena chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, atakaye mdaiwa wake afungwe, ni yeye alipaye posho ya kumlisha gerezani!

Ndugu zangu, jambo hili latuhusu khasa sisi wapinzani. Sheria ya uchaguzi ilitaka mwenye kulalamikia matokeo ya ubunge aweke dhamana ya shilingi milioni 5 kabla shauri lake halijapangiwa siku ya kusikilizwa. Bwana Julius Ndyanabo, aliyegombea Nkenge mwaka 2000, aliipinga hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 2002 Jaji Mkuu Barnabas Samatta na wenziwe wakaitamka kuwa kinyume cha Katiba. Baadae dhamana ilirudi kwa sura nyengine, mahakama ikiruhusiwa kuipunguza. Basi tujue: haki inayouzwa ghali ni haki aliyonyimwa maskini, na kuidai iwe nafuu ni kazi ya chama.

Lakini ugomvi wa sisi kwa sisi tuumalize barazani. Huku Bara, tangu 2021, Baraza la Kata halihukumu tena mashauri ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, nalo limepewa siku 30. Sulhu haina nauli ya kila mwezi, wala haiwaachi majirani bila ya kuamkiana.

Na tuandikiane. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Niliihifadhi chuoni nikiwa mtoto, dukani nikaisahau. Karatasi moja ingeniokolea siku nane.

Wabillahi tawfiq.