Ndege yoyote? Acheni hizo!

Wadau, kuna jamaa wanaendelea kuwaambia vijana wa Lushoto eti nunua ndege yoyote ya rimoti, mradi inaruka. Jamani! Mimi ushauri huo umeniponza.

Niliuziwa Dar ndege ya betri yenye mota mbili, moja kila bawa. Mkiani hakuna kinachocheza. Kukata kona unapunguza mota moja, kupanda unaongeza zote, kushuka unamwomba Mungu. Ndani ya ukumbi, sawa. Mimi nikaipeleka Irente, pale mlima unapokatika ghafla na Mazinde kuonekana chini kabisa. Upepo unaopanda ule ukuta ukaibeba kama karatasi. Rimoti ninayo mkononi, ndege haina habari na mimi!

Halafu Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, propela inapata nguvu pungufu kuliko Tanga mjini. Mota iliyokuwa dhaifu pwani, huku ni hoi.

Kama hela haitoshi, subiri. Tafuta yenye chaneli tatu: kasi ya mota, usukani wa mkia, na kibao cha kuinua na kushusha pua. Bawa liwe juu ya kiwiliwili, ncha zimeinuka kidogo. Ikilala upande, hujiweka sawa yenyewe. Ulizia propela za akiba kabla hujalipa. Muuzaji akikodoa macho, ondoka.

Na anzieni uwanja wa mpira, asubuhi, upepo haujaamka. Irente mimi sirudi mpaka nijue kutua.