Sura, Ukubwa na Bei: Pikapu Ipi Yatufaa?



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nieleze mawazo yangu juu ya jambo lililotukosesha usingizi sisi wa bweni la pili. Najua kuwa kurasa hizi huandikwa zaidi juu ya michezo, usafi na mitihani, lakini jambo hili nalo lina hesabu ndani yake, tena ngumu kuliko zile za darasani.

Wasomaji watakumbuka wageni waliotutembelea mapema muhula huu. Walikuja na pikapu mpya nyeupe ya milango minne, ikasimamishwa chini ya mwembe mbele ya ofisi. Kengele ya chai haijaisha kulia, gari lilikwisha zungukwa. Mwenzetu mmoja alijitazama meno kwenye ubavu wake kama ajitazamaye katika kioo. Usiku, taa zilipozimwa, ubishi ukaanza: lipi bora, hili jipya au ile Land Cruiser ya kizamani yenye mkonga? Wengi tulisema hili jipya. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote, hata kiranja akaniandika jina, nikafyeka majani siku mbili. Leo nataka kuyakana niliyoyasema usiku ule, ingawa majani hayawezi kurudi.

Kilichonibadili ni barua kutoka nyumbani. Kwetu ni kijiji kimoja cha bara, kupita Njinjo, katika barabara ya vumbi inayotoka Nangurukuru kwenda Liwale. Baba, baba mkubwa na baba mdogo wameweka akiba ya misimu sita ya ufuta na korosho, na sasa wameazimia kununua pikapu moja ya ukoo. Baba mdogo ataka mpya ya milango minne, kama ile ya wageni. Kwa kuwa akiba haifiki, amependekeza mkopo, na nyumba ya bibi iwekwe rehani. Baba mkubwa ataka iliyokwisha tumika, ya milango miwili. Wameshindwa kupatana, ndipo baba akaandika kuniuliza mimi, maana eti ndiye msomi. Bwenini hubisha mtu kwa sababu usingizi haujaja. Lakini nilipoona neno “rehani” katika mwandiko wa baba, niliona aibu kwa kelele zangu.

Nianze na sura, maana ndiyo iliyonidanganya. Sikatai kuwa uzuri ni kitu. Watu wa Kilwa Kivinje walichonga nakshi katika milango yao zamani, wala mlango usio na nakshi haukushindwa kufunga nyumba. Mtu apenda kitu chake kipendeze. Walakini sura ya gari hubadilika kama kanga za madukani. Land Cruiser ya aina ya 70 ilianza kuuzwa mwaka 1984 ikiwa na taa za duara. Mwaka 2007 ikabadilishwa uso, taa zikawa na pembe. Kisha mwaka 2023 watengenezaji wakatangaza kurudisha taa za duara, na watu wakashangilia kama kwamba wameletewa kitu kipya. Tena chukua gari lolote upendalo, lipitishe kilomita ishirini katika udongo mweusi wa bonde la Matandu wakati wa masika, kisha niambie rangi yake.

Katika ukubwa ndiko penye shauri lenyewe, nami nitakaa hapo.

Ile pikapu ya wageni niliipima. Dereva alikuwa mtu mwema. Alicheka, akaniacha nizunguke na kamba niliyoifunga mafundo kwa rula ya darasani. Gari zima lilizidi mita 5, lakini bodi ya nyuma, mahali pa mzigo, ilikuwa kama mita 1 na nusu tu. Kwingine kote kumeliwa na pua, injini na viti vya watu. Pikapu ya milango miwili haiachwi sana na hii kwa urefu, lakini bodi yake yapita mita 2. Sasa nataka msomaji avishike vipimo hivyo viwili, nami nimweleze habari ya shangazi yangu.

Likizo fupi ya Aprili 2024, mvua zikiwa zimekazana, shangazi aliteleza kisimani, akavunjika nyonga. Hakuweza kuketi wala kukunja mguu. Ikabidi alazwe juu ya kitanda cha teremka-tukaze, abebwe hivyo hivyo mpaka barabarani, na huko Mungu akatujalia msamaria mwenye pikapu ya milango minne, nzuri kabisa. Kitanda kile kina urefu wa futi 6, karibu mita 1 na sentimita 83. Hakikuingia. Tulishusha mlango wa nyuma, kitanda kikachomoza nje, tukakifunga kwa kamba ya mkonge, mimi na binamu yangu tukakalia ule mlango na kushika matendegu ya kitanda kwa mikono. Ndivyo tulivyosafiri mpaka hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje. Kila gari lilipozama na kuchomoka kitanda kilivutika nyuma, na shangazi alilia kwa sauti ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka. Viti vinne vya ndani, vyenye vitambaa vizuri, vilikuwa vitupu isipokuwa kimoja cha dereva na kimoja cha bibi. Simlaumu mwenye gari, bila yeye tungalimpoteza shangazi. Yeye hakulinunua kwa kubebea wagonjwa wa kijijini kwetu. Lakini sisi twanunua la kijijini kwetu.

Shangazi yu hai, huchechemea. Usiku ule bwenini, nilipokuwa nikiisifu ile milango minne, jambo hili sikulikumbuka hata kidogo.

Rafiki yangu wa kitanda cha juu amenipinga, na hoja yake si mbaya. Asema: katika milango minne mama na watoto husafiri wamekaa pakavu, lakini katika milango miwili hupanda nyuma pamoja na magunia, wakanyeshewa, na pengine wakaanguka. Ni kweli. Nimeipima hoja hii siku nyingi wala sikupata jibu la kuimaliza. Nasema tu kwamba turubai juu ya vyuma humkinga mtu na mvua, ingawa halimkingi na ajali, na hakuna turubai linaloweza kurefusha bodi fupi. Kama ingekuwa safari zetu ni za lami tupu, kutoka Nangurukuru mpaka Lindi au kuvuka Daraja la Mkapa kwenda Dar es Salaam, ningeliungana naye. Lakini hata lami si ya kuaminiwa mno. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zake, barabara kuu ilikatika maeneo ya Somanga, na magari mazuri na mabaya yakalala pamoja foleni.

Upana nao wataka kuangaliwa. Pikapu kubwa za Marekani, zile tunazoziona katika picha, zapita mita 2 bila kuhesabu vioo vya pembeni. Chukua moja uipitishe katika vichochoro vya Kivinje, au katikati ya mikorosho iliyoinama njiani. Utarudi na vioo mkononi. Wala yule mkongwe wa baba mkubwa si malaika. Land Cruiser ya pikapu yahitaji duara la zaidi ya mita 14 ili igeuke, yaani ng’ombe hugeuka vizuri zaidi. Tena magurudumu yake ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele, basi katika mchanga hayafuati mfereji uliochimbwa na ya mbele, nayo huvuta kama mtu anayetembea na viatu vya kushoto vitupu. Haya niliambiwa na fundi wa Nangurukuru, nami nikaenda kuyatazama mwenyewe kwa macho. Yako hivyo. Na kuhusu urefu kutoka chini, vijana hupenda gari lililoinuliwa, lakini waulize wapagazi wa ghalani. Gunia la ufuta la kilo 100 hupandishwa kwa mabega, na kila sentimita ya juu hulipwa na kiuno cha mtu.

Sasa bei. Nimefanya hesabu ifuatayo, na mwalimu wetu wa hesabu ameikagua. Tuseme gari jipya limefika bandarini Dar es Salaam, pamoja na nauli yake ya meli na bima, kwa shilingi milioni 80. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 20, tumefika 100. Juu ya hizo huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Tumefika milioni 118, na tozo nyingine hatujazigusa, wala faida ya muuzaji. Tuseme tena kilo ya ufuta mnadani ni shilingi 3,000. Yatakiwa magunia 393. Mashamba yetu yote matatu kwa pamoja hayajapata kutoa magunia 30 kwa msimu mmoja. Ni misimu 13 bila kula, bila kuvaa, bila kuugua. Benki itakubali kungoja, maana nyumba ya bibi itakuwa mkononi mwake.

Wengine watauliza: kwa nini basi pikapu iliyotumika nayo ni ghali, na hali motokaa ndogo kutoka Japani hupatikana kwa bei nafuu? Nami nilijiuliza. Sababu ni kwamba Wajapani wenyewe hawakuwa wakizitumia. Hilux haikuuzwa kwao tangu mwaka 2004 mpaka 2017, na hiyo Land Cruiser ya pikapu iliuzwa huko kwa muda mfupi tu, kuanzia 2014 hadi 2015. Kisichouzwa kikiwa kipya hakiwezi kuachwa kikiwa kikuukuu. Kwa hiyo zetu hutoka kwingine, au katika minada ya magari ya mashirika, na mwenye nayo ajua kuwa wanunuzi wako wengi. Ila ghali hii ina faida moja: ukiuza baada ya miaka mitano hupotezi sana.

Kuna mafuta pia. Dereva wa wageni alisema gari lake hutumia kidogo kuliko mkongwe, nami namsadiki. Lakini injini hizi mpya hupiga dizeli kwa nguvu kubwa kupitia matundu membamba sana, nazo hazipendi uchafu. Kwetu dizeli hufika katika madumu. Ile injini ya zamani ya lita 4.2 huimeza bila kunung’unika, na fundi huifungua kwa spana, hahitaji kompyuta kutoka mjini.

Ninapoandika haya nakumbuka somo la historia juu ya mpango wa karanga wa mwaka 1947, uliofika mpaka Nachingwea katika mkoa wetu huu. Waingereza walileta matrekta na mashine nyingi, nyingine masalio ya vita, kabla ya kuuliza udongo na mvua ni za namna gani. Kufikia mwaka 1951 waliuacha, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimekwenda. Wao walikuwa serikali kubwa, wakaweza kuzifuta katika daftari. Bibi hana daftari la namna hiyo.

Nimemjibu baba kwa barua, nikampa kondakta wa basi aipeleke. Nimesema waache ile ya milango minne, wasikope, watafute ya milango miwili iliyotumika, na isipopatikana kwa fedha iliyopo wangoje msimu mwingine, ufuta uendelee kubebwa na guta la matairi matatu kama sasa. Sijui baba mdogo atanitazama vipi likizo ijayo, maana ndiye aliyeninunulia sanduku langu la shule. Wala bado hawajajibu. Jambo moja tu nimelisisitiza: kabla baba mkubwa hajapanda basi kwenda Dar es Salaam, aende kwa shangazi, akipime kitanda chake kwa kamba, na kamba hiyo aende nayo mfukoni.