Hospitali Iwe Karibu na Nani?

Mtu akihesabu hospitali za Nairobi aweza kuridhika kwamba zatosha. Lakini afadhali aulize pia zimesimama wapi.

Zamani za ukoloni Wazungu walikaa vilimani upande wa magharibi, na Waafrika wengi walipangiwa mitaa ya mashariki, kama Pumwani na Kaloleni. Hospitali kubwa nazo zikajengwa magharibi. Hospitali ya Nairobi ilifunguliwa huko mwaka 1954 kwa ajili ya Wazungu. Hata ile ya Waafrika, iliyopewa jina la King George VI mwaka 1952, nayo leo ni Kenyatta, iko upande huo huo. Mashariki palikuwa na hospitali ya wazazi ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926.

Uhuru ulipatikana mwaka 1963, bali majengo hayahami. Mji ukaenea hata Dandora, Umoja na Kayole. Mwaka 2011 hospitali ya Mama Lucy Kibaki ilianza kazi huko mashariki, na safari ya wengi ikafupika. Walakini hospitali moja haiwezi kubeba umma wote ule.

Tena umbali haupimwi kwa kilometa peke yake. Hupimwa kwa nauli, kwa msongamano wa magari, na kwa giza la usiku. Jirani wawili, mmoja ana motokaa na mwenziwe hana, hawako mbali sawasawa na daktari.

Basi wapangao mji wasihesabu vitanda tu. Yawapasa kuuliza: mama ashikwaye na uchungu Kayole saa nane za usiku atafikaje?