Ami, hoja ni kasi

Ami yangu, nanyi ndugu zangu wa pwani ya Jambiani,

Mjadala wenu wa barazani umenifikia huku Maskati. Ami, umeshikilia kwamba hali ya hewa kawaida yake kugeuka, ukame na masika makubwa yalikuwapo tangu enzi za babu zako, basi kuyaita mabadiliko ya leo janga ni kukuza mambo. Kwa heshima yako, la kwanza ni kweli tupu. Ila tazama kasi: enzi kuu ya barafu ilipokwisha, joto la dunia lilipanda nyuzi kama tano kwa maelfu ya miaka. Safari hii limepanda zaidi ya nyuzi moja kwa karne moja na nusu tu, na sehemu kubwa ni tangu miaka ya 1970.

Athari zake waulizeni kina mama wanaolima mwani. Kilimo hicho kilianza upande wenu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwani mnene ndio wenye bei. Siku hizi maji yakipwa na jua likayachemsha, matawi yake yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika kwenye kamba, na kazi ya bamvua nzima inakwenda na bahari. Wengi wamebaki na mwembamba, unaovumilia zaidi lakini bei yake duni. Anayeutaka mnene aufuate maji ya kina, na wangapi kati yao wanajua kuogelea? Waliofunga kamba za mwanzo wakiwa wasichana wangali hai, na pwani ile ile imeshawakatalia.

Huku Omani nako Aprili 2024 mafuriko yalisomba gari la wanafunzi huko Samad al-Shan, watoto wakafa. Nchi hii ina mafuta, barabara zake hutengenezwa upya. Mwani uliooza nani ataulipa? Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia, na mwaka 2022 mataifa yalikubaliana Sharm el-Sheikh kuunda mfuko wa kushughulikia hasara za namna hii. Sasa mdai mwenyewe akitangaza barazani kwamba hakupotelewa na kitu, mdaiwa atoe fedha za nini?

Ombi langu, Ami: kikao cha shehia kijacho wape kina mama nafasi ya kwanza kusema. Na kila bamvua, mtoto mmoja wa skuli aandike daftarini kamba ngapi zimekufa, za nani, na tarehe gani.

Mwanao, Maskati.